Sange na Kura ya Barabara ya Vichakani

Hapo kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa bado na nyumba zao, nyua zao za kufagia na majirani zao wa kuwasengenya, palikuwa na kaunti moja iliyoitwa Mbugani. Kaunti hiyo ilikuwa na vijiji vitatu na barabara moja. Barabara ilianzia Vichakani, walikoishi wanyama wadogo, ikapita Majabalini penye mawe na chemchemi, kisha ikapanda hadi Kilimani, walikoishi wakubwa.

Msimamizi wa barabara alikuwa Bwana Nyati. Hakuna aliyemchagua. Baba yake alikuwa msimamizi kabla yake, na babu yake kabla ya baba, kwa sababu ukoo wao ulikuwa na kwato pana za kushindilia udongo. Kila nyumba Mbugani ilitoa nyasi na kokoto za kutengenezea njia, na Bwana Nyati ndiye aliyeamua zitumike wapi. Basi zikatumika Kilimani. Kutoka mlangoni kwake hadi kwenye dimbwi lake la kuogea, njia ilikuwa laini kama jamvi. Kutoka hapo hadi kwa Bwana Kifaru, mwenyekiti wa kaunti, ilikuwa laini vilevile.

Huku chini Vichakani, Bwana Nyati alipita wakati wa mvua tu, akielekea malishoni. Kila alipopita, kwato zake zilizama, zikaacha mashimo. Mvua ilipokatika, jua likayakausha yakawa magumu kama vyungu vilivyotoka tanuruni.

Bwana Nyati hakuwa na roho mbaya, msije mkamchukia bure. Kwake yeye hayo hayakuwa mashimo. Alikuwa mrefu, akatazama mbele, na hakuwahi kuinamisha kichwa kuona alichokiacha nyuma.

Sasa, huko Vichakani aliishi Sange. Mnamjua sange? Ni mnyama mdogo wa kuenea kiganjani, mwenye pua ndefu kama mkonga uliosahau kukua, na miguu myembamba yenye mbio kuliko macho yako. Sange hawezi kuona jani limeanguka njiani akaliacha. Kila asubuhi hufagia vijia vyake, na akimaliza vyake hufagia vya jirani.

Jirani yake alikuwa Bi Kobe, mama mtu mzima, mjane. Sange alimwita mama ingawa si yeye aliyemzaa. Alimletea habari za kijiji kila asubuhi pamoja na jani laini la kutafuna, na Bi Kobe akasikiliza yote, ya kweli na ya kutiwa chumvi, akicheka kwa ndani.

Bi Kobe alikuwa na binti mmoja tu, Mwatime, aliyeolewa Majabalini. Siku moja mvua zilipokwisha, Kwale, tarishi wa kaunti, alipita akaeleza kwamba Mwatime amepata mtoto wa kike. Bi Kobe hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alifunga fungu la mchicha, akamwambia Sange amwangalizie nyumba, akaondoka alfajiri, mguu mmoja baada ya mwingine, akienda kumwona mjukuu wake wa kwanza.

Hakufika hata nusu ya njia. Alipojaribu kuvuka shimo moja la kwato, ukingo ulimegeka. Akateleza, akabiringika, akatua chini kabisa mgongo ukiwa chini na miguu ikielea hewani, kucha tu zikigusa kuta za shimo. Na kobe akilala chali ndani ya shimo, wajukuu zangu, hana la kufanya. Hana pa kushika. Jua likapanda likamkalia tumboni.

Sange alimkuta alasiri, alipokuwa akifuata sisimizi wa kula. Alisikia kucha zikikwaruza udongo mkavu, taratibu, kama za mtu aliyekwisha kukata tamaa, na sauti iliyokaribia kuisha ikitaja jina la Nyati. Akachungulia. Akajaribu kumsukuma peke yake, wapi. Akatoka mbio kuwaita Mama Digidigi na Nungunungu, wakaja na kijiti kirefu, wakakichomeka chini ya gamba, wakasukuma wote watatu mpaka Bi Kobe akageuka, pu, akakaa sawa.

Jambo la kwanza alilouliza ni kama mchicha umenyauka. Ulikuwa umenyauka.

Walimrudisha nyumbani. Njiani hakulalamika. Lakini walipofika mlangoni na Sange akampa maji, Bi Kobe alikunywa, kisha akasema, "Mwanangu, mimi najua kwamba natembea polepole. Nimezoea kuchelewa. Sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku sitafika kabisa."

Maneno hayo yalimkaa Sange kifuani. Kesho yake aliwakusanya majirani.

Mbugani palikuwa na desturi ya zamani: kijiji kikiwa na jambo kuhusu mali ya wote, kikiomba kura, mwenyekiti hawezi kukataa. Wanyama wa Vichakani walizungumza asubuhi nzima. Nungunungu alitaka Bwana Nyati afukuzwe. Mama Digidigi alitaka aombwe tu kwa upole aje azibe mashimo. Mwishowe wakakubaliana na Sange: barabara isiwe mikononi mwa mtu mmoja tena, awe mwema au mbaya. Kila kijiji kichague mtu wake, hao wakae kamati, waamue kwa pamoja kokoto ziende wapi na kazi ianzie wapi. Wakampa Kwale ujumbe apeleke.

Bwana Kifaru alipousikia ujumbe huo alipumua kwa pua. Kukataa hawezi. Basi akatangaza kwamba kura itapigwa mwezi ukiandama. Kila mnyama mzima angetumbukiza punje moja ndani ya mtungi wenye mdomo mwembamba. Punje ya hindi maana yake barabara ibaki kwa Bwana Nyati. Punje ya kunde maana yake barabara iende kwa kamati ya vijiji. Na mtungi huo ungewekwa Kilimani, uwanjani kwa Bwana Nyati, na kufungwa jua litakapozama.

Kwale aliyasema hayo pale Vichakani huku akitazama pembeni kwa aibu, kwa maana kila mtu alielewa. Ili kupiga kura kuhusu barabara, ilibidi kwanza uipite barabara yenyewe. Majabalini hawakuwa wengi. Kilimani wangepiga hindi wote. Wa Vichakani ndio waliokuwa wengi kuliko wote, na ndio wasioweza kufika.

Wengine walianza kurudi makwao. Sange alimfuata Kwale akamuuliza jambo moja: je, Bwana Nyati alikuwapo kwenye kikao kilichopanga hayo?

Kwale akasema hapana, Bwana Nyati alikuwa dimbwini anaoga. Bwana Kifaru alipanga peke yake, na hakuona haja ya kumweleza mtu sababu.

Sange akamshukuru. Pua yake ilianza kutikisika, na waliomjua walijua kwamba pua hiyo ikitikisika, kuna mtu mkubwa mahali fulani atajutia.

Siku iliyofuata alishika njia kwenda Kilimani. Aliruka mashimo mengine, mengine akayazunguka, mengine akaingia akatokea upande wa pili amejaa vumbi. Alipofika alimkuta Bwana Nyati amelala dimbwini, matope mpaka shingoni, macho yamefumba nusu.

"Shikamoo Bwana Nyati."

"Marahaba. Ni nani huyo? Sikuoni."

"Mimi Sange, wa Vichakani. Niko hapa karibu na pembe yako. Nimepita kukusalimia tu."

Bwana Nyati alishangaa kidogo. Hakuna aliyewahi kutoka Vichakani kuja kumsalimia. Akauliza, habari za huko?

"Huko hakuna siku inayopita jina lako lisitajwe," alisema Sange. "Wazee wanakutaja, watoto wanakutaja. Yuko mama mmoja, Bi Kobe, majuzi alikutaja tangu asubuhi mpaka alasiri."

Na hilo, wajukuu zangu, lilikuwa kweli tupu.

Bwana Nyati alifungua macho yote mawili. Alikuwa akiishi peke yake tangu watoto wake walipohamia mabonde ya mbali, na majirani zake wa Kilimani walimtembelea wakihitaji njia tu. Akainua kichwa, matope yakamtiririka. "Kweli? Mpaka alasiri?"

"Mimi nilimsikia kwa masikio yangu. Natamani wote wangefika siku ya kura, ungeona kwa macho yako jinsi Vichakani wanavyokufikiria." Hapo Sange akashusha pumzi. "Lakini hawatafika. Njia imeharibika, na mtungi umewekwa huku juu. Sijui kwa nini Bwana Kifaru ameuweka mbali nao hivyo. Mimi ni mdogo, mambo ya wakubwa siyajui."

Alisema hayo akanyamaza. Huo ndio ulikuwa ujanja wake wote. Hakuongeza neno, alikaa tu anajifuta vumbi puani, akamwacha Bwana Nyati amalizie mwenyewe.

Na Bwana Nyati akamalizia. Alifikiri polepole, kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani. Vichakani wananipenda. Vichakani ni wengi. Kifaru ameweka mtungi wasikoweza kufika. Basi Kifaru hataki nishinde. Kifaru anaitaka barabara iwe yake.

Alisimama, maji ya dimbwi yakapungua nusu. Akamwambia Sange aende zake nyumbani akawaambie watu wake wasiwe na wasiwasi. Watafika wote.

Kesho yake ardhi ya Vichakani ilitetemeka. Tindi, tindi, tindi. Watoto walikimbilia mvunguni. Mama Digidigi akachungulia akamwona Bwana Nyati mwenyewe, mgongoni amebeba matita ya nyasi, anasukuma udongo kwa pembe, anajaza mashimo, kisha anapanda juu yake na kushindilia. Tindi, tindi, tindi. Alifanya kazi hivyo siku nyingi, kutoka Vichakani kurudi juu, na kila jua lilipokuwa kali wanyama wadogo walimpelekea maji kwa vifuu. Mwanzoni waliviacha mbali na kukimbia. Baadaye wakaanza kukaa kidogo. Watoto wa Mama Digidigi waliona kwamba akishindilia, kokoto ndogo huruka, wakaanza kucheza mchezo wa kuzirukia. Yeye naye, alipowaona, akaanza kukanyaga kwa mikogo ili zirukie juu zaidi.

Siku moja alifika kwenye shimo ambalo kuta zake zilikuwa na mikwaruzo mingi, kama ya kucha. Akainamisha kichwa akaitazama. Akamuuliza Sange, aliyekuwa karibu anafagia, ni nini kilichochimba hivi.

Sange alifungua mdomo, lakini Bi Kobe alikuwa nyuma yake. Alikuwa ameletwa kutazama kazi. Akasema ni yeye.

Bwana Nyati akageuka kwa heshima. "Wewe ndiye Bi Kobe? Nimeambiwa ulinitaja siku nzima."

Sange akaacha kufagia. Aliona ujanja wake wote unamegeka kama ukingo wa lile shimo. Kama Bi Kobe angesema alivyomlaani mwenye kwato zile, kazi ingeishia hapo.

"Nilikutaja, mwanangu," alisema Bi Kobe. "Nilianguka humu nikalala chali. Nilijua ni shimo la kwato zako. Mwanzoni nilikutaja kwa hasira. Lakini jua lilipozidi, nikaanza kukuita. Niliona wewe ndiye pekee mwenye nguvu ya kunigeuza kwa mguu mmoja. Nikawa nasema, Nyati, pita. Nyati, pita leo. Nikakuita mpaka sauti ikaisha."

Masikio ya Bwana Nyati yalishuka. Akaliinamia tena lile shimo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hawakuijua, Bi Kobe alikuwa anakwenda wapi siku hiyo.

Bi Kobe akamweleza habari za Mwatime na mjukuu.

Siku hiyo Bwana Nyati hakula mchana. Alilijaza lile shimo, akalishindilia, akatazama, akaongeza udongo, akashindilia tena, mpaka mahali pale pakawa imara kuliko barabara yote. Na tangu hapo alifanya kazi kichwa kikiwa chini, akitazama kila hatua.

Jioni wanyama wa Vichakani walikusanyika, na sasa walikuwa na tatizo ambalo hawakulitarajia. Mama Digidigi ndiye aliyelisema. Alisema Bwana Nyati amekuwa mtu mwema. Barabara inapendeza. Watoto wanampenda. Kwa nini basi wasipige hindi, barabara ikabaki kwake?

Wengi wakaitikia. Kwa mara ya kwanza Sange alikuwa amefanya ujanja uliomuuma yeye mwenyewe. Alikuwa amepanga kumzunguka jitu lenye kiburi, na sasa aliyekuwa mbele yake hakuwa jitu tena. Akamtazama Bi Kobe.

Bi Kobe akasema kwamba yeye pia anampenda Nyati. "Lakini leo anatutengenezea kwa sababu moyo wake umeamka," alisema. "Siku moyo wake ukilala tena, au akifa akaja mwanawe asiyetujua, tutamwambia nini? Mimi sitaki kuita jina la mtu nikiwa chali. Nataka niwe na pa kwenda kusema kabla sijaanguka."

Mama Digidigi alirudi nyumbani anafuta macho.

Mwezi ukaandama, siku ya kura ikafika. Hapajawahi kuonekana kitu kama hicho Mbugani. Kutoka Vichakani walitoka panya na digidigi, nungunungu na kanga, fuko wenye macho yaliyofumba, wote kwa mstari juu ya barabara mpya, kila mmoja na punje yake mdomoni. Bwana Nyati alisimama langoni kwake ameoga vizuri, akawapokea mmoja mmoja, akawauliza habari za watoto kwa majina. Bwana Kifaru alikaa kando ya mtungi, uso umemkunjika, akisikia punje zinavyodondoka. Tik. Tik. Tik.

Jua likaanza kushuka, na Bi Kobe hakuwa amefika.

Alikuwa ameondoka wa kwanza kabisa. Lakini alipofika Majabalini, barabara ilipita mlangoni kwa Mwatime, na Mwatime alikuwa amekaa nje na mtoto. Msiniulize walisema nini. Bi Kobe alimweka mtoto yule kati ya miguu yake ya mbele, akamnusa kichwani, na saa zikapita bila yeye kujua.

Huko Kilimani Bwana Kifaru alisimama akasema jua limekwisha kuzama, mtungi ufungwe.

"Halijazama," alisema Bwana Nyati.

"Limebaki ukingo tu."

"Ukingo ni jua pia. Kuna mama yuko njiani." Akaenda akasimama mbele ya mtungi, mwili wake wote, na hakuna aliyeweza kumsogeza. Alisema yeye ameitengeneza barabara hii kwa ajili ya watu wafike, na yule ambaye aliwahi kushindwa kufika hatafungiwa mlango na mtu yeyote.

Sange alimtazama amesimama hivyo, na akatamani ardhi immeze.

Bi Kobe alitokea kwenye mteremko jua likiwa jekundu, Mwatime kando yake na mtoto juu ya gamba lake. Wote wakampisha. Bwana Nyati akamwinamishia mtungi ili aufikie. Tik, ikadondoka ya Mwatime. Tik, ikadondoka ya Bi Kobe. Na hapo jua likazama.

Wakamwaga punje mkekani. Zilipomwagika, hapakuwa na haja ya kuhesabu. Hindi zilikuwa fungu dogo pembeni. Kunde zilifunika mkeka.

Bwana Kifaru ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko kisicho na furaha. Akamwambia Bwana Nyati kwamba yeye aliuweka mtungi Kilimani ili kumlinda, na Nyati kwa kwato zake mwenyewe amewatengenezea adui zake njia. Akamuuliza ni nani aliyemtia wazimu huo. Kisha akaondoka kwenda kwake.

Bwana Nyati aliutazama mkeka. Akawatazama wadogo wote, nao wakatazama chini. Akamtafuta Sange kwa macho mpaka akampata.

"Uliniambia wananipenda."

Sange angeweza kukimbia. Miguu yake ilikuwa tayari. Lakini alitoka mbele, akasimama karibu na ukwato wake. "Sikusema hivyo, Bwana. Nilisema wanakutaja. Nilijua utasikia unachopenda kusikia, nikakuacha usikie. Huo ulikuwa ujanja wangu, na si wa mtu mwingine hapa. Siku nilipokwambia walikuwa hawakupendi. Leo wanakupenda."

"Na wameninyang'anya barabara."

"Wamekupenda na wamepiga kunde. Yote mawili ni kweli."

Bwana Nyati hakulielewa jambo hilo siku ile. Aligeuka akaingia ndani, na wadogo wakarudi makwao kimya juu ya njia aliyowatengenezea. Walishinda, na hakuna aliyeimba.

Siku zikapita. Vijiji vikachagua watu wao. Vichakani walimchagua Sange, Majabalini wakamchagua Mwatime. Kilimani hawakumpeleka mtu. Bwana Kifaru alisema hawezi kukaa mkeka mmoja na panya. Sange hakutaka kuanza bila wao. Alipanda tena Kilimani, akaenda hadi dimbwini, na safari hii hakuwa na ujanja wowote mfukoni.

Bwana Nyati alikuwa pale, lakini hakuwa ndani ya maji. Alikuwa amekaa ukingoni. Sange akamwambia kamati inakutana kesho penye chemchemi ya Majabalini, na kijiji chake hakina mtu wa kukisemea. Akasema hakuja kumwomba kazi ya kwato zake. Amekuja kumwambia kwamba yeye naye ni mkazi, anaipita barabara kama wengine, na ana neno lake kama wengine.

"Neno moja," alisema Bwana Nyati.

"Moja, kama la Mwatime. Kama langu."

Sange akaaga akashuka.

Kesho yake kamati ilikaa. Wanyama wengi walikuja kusikiliza, na mabishano yalikuwa makali kuhusu kazi ianzie wapi: mtaro wa Majabalini au kona ya Vichakani inayojaa maji. Mama Digidigi alikuwa amesimama anasema, mkono kiunoni, wakati kivuli kikubwa kilipoangukia watu wa nyuma. Wakageuka.

Bwana Nyati alikuwa amekuja. Hakupita katikati. Alitafuta nafasi nyuma kabisa, akatazama chini vizuri asimkanyage mtu, akakunja magoti akakaa. Akasikiliza. Baada ya muda akainua ukwato mmoja juu, akaushikilia hapo.

"Naomba kusema," alisema.

Kila mtu akamtazama Sange, aliyekuwa akiongoza kikao. Pua yake ilitulia kabisa.

"Utasema, Bwana Nyati," alisema. "Ngoja Mama Digidigi amalize."

Bwana Nyati akashusha ukwato wake, akangoja.

Nami hapo ndipo pumzi yangu ilipoishia, wajukuu zangu, ila mkiniuliza hadithi hii inafundisha nini, nitawaambia: njia ni ya wote wanaoikanyaga, na kila mmoja wao, awe mdogo namna gani, ana haki ya kusema itunzwe vipi.